Mnaoiba picha za viondo vyetu mkiuzia watu nailoni, mmetuchosha!!

Wadau leo niacheni niongee juu nimekasirika hadi chakula hakipiti. Mnajua mimi nauza viondo, vile vikapu vya katani vya kusukwa kwa mkono. Asubuhi nimepigiwa simu na mama mmoja wa Rongai, sijawahi kumuuzia kitu maishani, akaanza tu kunitusi ati mimi ni mwizi nimemtumia kiondo feki. Nikamwambia mama tulia kwanza, nitumie picha ya hicho kiondo na tangazo uliloona. Akatuma. Picha ya tangazo ni yangu! Ni ile nilipiga mwenyewe kwa veranda, kiondo cha rangi ya udongo na mistari myeusi, wamekata jina la biashara pale chini lakini kwa ile lebo ya ngozi namba yangu bado inasomeka ukikuza, ndivyo alinipata. Alicholetewa sasa, kitu cha nailoni kinang'aa kama ndoo ya plastiki, kitako hakikai, mikanda imebandikwa na gundi. Alilipa 900 mbele, jamaa akamblock.

Nataka mjue kile cha kwa picha kilitoka wapi. Kuna kikundi cha akina mama huko Kathonzweni, Makueni, ndio wananisukia. Katani inakatwa, inaparwa, inaanikwa, inasokotwa kwa paja uzi baada ya uzi, inatiwa rangi, hapo ndio mtu anaanza kitako. Na huyo mama si ati ameketi kusuka tu, ana shamba, ana mbuzi, ana maji ya kuteka, kwa hivyo kiondo kimoja cha saizi ya kati kinaweza kula wiki mbili na bado. Kikiisha kinapandishwa matatu ya Wote hadi kituo cha Machakos Kantri Basi, Nairobi, nakichukua napeleka Kariokor kwa fundi atie mikanda ya ngozi, na fundi anataka pesa yake hapo hapo. Nauza 2,800. Toa ya aliyesuka, ya ngozi, ya fundi, nauli, bando, inayonibakia haifiki mia tano.

Na hiyo 2,800 ndiyo mnanitukania huku inboksi. "Bei ya mwisho ngapi?" hata salamu hakuna. "Hiyo ni bei ya wazungu." "Mbona fulani anauza 900?" Huyo fulani anauza na picha zangu jamani! Kama ni Maasai Market ya Jumamosi pale Mahakama Kuu sawa, kule kuvutana bei ndio desturi, muuzaji ametaja akijua utashusha. Mimi nimeandika bei wazi na nimeeleza inaenda wapi. Kinachoniuma ni kwamba hawa wezi hawangeuza hata kimoja kama watu hawangekuwa wanatafuta kazi ya mkono kwa bei ya nailoni. Mnaona 900 mnakimbia, mkitapeliwa mnakuja kwangu na matusi, halafu mwenyekiti wa kikundi ananipigia kuuliza mbona oda zimepungua na watoto wanarudi shule. Nimwambie nini?

Hiyo akaunti nimeripoti. Nikajibiwa na mashine ati haijavunja masharti yoyote. Nikatuma picha orijino na tarehe yake, jibu likarudi lile lile neno kwa neno.

Na kabla mtu aniambie nidai pesa kwanza, nadai. Kuna mtu aliagiza viondo vya harusi, vimefumwa majina ya maharusi, akalipa dipoziti, baki akatuma kwa M-Pesa mzigo ukifika mlangoni. Mtu wa boda hata hajafika barabara kuu, yeye ashaomba Safaricom imrudishie pesa ati alikosea namba. Siku hizi pesa ikiingia naihamisha kwanza ndio boda anaambiwa ashushe mzigo, na watu wazuri wanaona nawachukulia kama wezi.

Kuuza ng'ambo msiniambie. Lile soko lao kubwa la mtandaoni la vitu vya mkono, ukiwa Kenya duka halifunguki juu malipo yao hayajafika huku. Na Marekani ile ruhusa ya mzigo wa hadi dola 800 kuingia bila ushuru iliondolewa Agosti 29, 2025, kastoma wangu wa huko alipoona anadaiwa ushuru wa kikapu kimoja akasema ngoja kwanza.

Kama umenunua na una shaka, chomoa kauzi kadogo ukachome. Katani inawaka kama majani makavu inaacha jivu, nailoni inayeyuka inakuwa tone gumu. Ikiyeyuka umeuziwa uongo, na si mimi nimekuuzia.

Sasa naomba msaada wa ukweli, si wa "pole siz". Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu picha kama kazi ya mwenye kuipiga. Kuna mtu hapa amewahi kufika KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, na kesi ya picha? Ulibeba nini, uliandikisha picha moja moja ama zote pamoja, na wakikusaidia wanaandikia nani? Mama wa Rongai amekubali kutoa meseji zake na risiti.

Na wewe mwenye hiyo akaunti, toa picha zangu leo na umrudishie mama wa watu 900 yake.