Levodopa isipomsaidia mgonjwa, je, si Parkinson?

Binti wa Mwalimu:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Baba yangu, mwalimu mstaafu, hutetemeka mkono wa kulia anapoupumzisha mapajani, na siku hizi kufunga vifungo vya shati kunamchukua muda mrefu hadi chai inapoa. Daktari alimwanzishia levodopa yenye karbidopa, nusu kidonge mara tatu kwa siku, akasema dawa yenyewe ndiyo itakayotuonyesha kama ni ugonjwa wa Parkinson. Wiki kadhaa zimepita na mkono bado unatetemeka. Je, tuamini kwamba ugonjwa wake ni mwingine?

Tabibu wa Neva:
Dada, bado ni mapema mno. Ikiwa kidonge chenyewe kina miligramu 100 za levodopa, baba anapata miligramu 150 kwa siku, na hiyo ni dozi ya kuanzia tu. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2015 huhesabu kukosa nafuu kuwa hoja dhidi ya Parkinson pale tu mgonjwa, ambaye ugonjwa wake umefikia angalau kiwango cha kati, anapotumia miligramu 600 au zaidi kwa siku bila badiliko lolote linaloonekana. Isitoshe, mmeitazama dalili iliyo kaidi kuliko zote, kwa kuwa mtetemeko unaweza kubaki vilevile huku kukakamaa kwa misuli na uzito wa mwendo vikipungua. Vifungo vile vya shati vitawaambia mengi zaidi kuliko mkono uliotulia mapajani.

Nafuu nayo si uthibitisho. Baadhi ya wenye ugonjwa uitwao kwa kifupi MSA, ambao huvuruga pia mkojo na shinikizo la damu, hupata nafuu mwanzoni kisha ikafifia. Ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakataza kutegemea jaribio la dozi moja katika kuyatofautisha magonjwa haya, na binafsi nauunga mkono.

Mfamasia:
Naomba kuuliza, mzee anatumia dawa gani nyingine? Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, haloperidoli na hata sinarizini ya kizunguzungu zote huweza kuzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo na ambayo levodopa huiongeza, na kuleta dalili zinazofanana kabisa na za Parkinson, na baada ya kuziacha, jambo ambalo daktari ndiye wa kuliamua, dalili huweza kuchukua wiki au miezi kuisha. Levodopa imezwe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya nyama au maharage hushindana nayo kufyonzwa. Ikimletea kichefuchefu, asikimbilie metoklopramidi. Na kama kuna jirani anayemletea unga wa mbegu za upupu, mwambieni daktari, kwani mbegu hizo zina levodopa ya kweli, ila hakuna ajuaye kijiko kimoja kina kiasi gani.

Mama Neema:
Kwetu dawa ilisema kwa sauti kubwa. Binti yangu alikuwa akitembea vizuri asubuhi, lakini ikifika jioni mguu unapinda ndani na anaanguka, na kwa muda mrefu tuliambiwa ni mtindio wa ubongo. Daktari mwingine alipouliza kuhusu tofauti hiyo ya asubuhi na jioni, alimpa levodopa kidogo sana, na baada ya siku chache tu alikuwa akicheza rede na wenzake hadi magharibi. Ni aina ya distonia, yaani misuli kujikaza na kupinda kiungo bila hiari, iliyoelezwa na daktari Mjapani, Segawa, katika miaka ya 1970. Hata hivyo tulishauriwa kuendelea na kliniki, kwa kuwa Parkinson inayoanza ujanani nayo huweza kupinda mguu na kuitikia dawa hiyohiyo.

Binti wa Mwalimu:
Nawashukuru nyote. Mfamasia, baba amekuwa akimeza sinarizini tangu mwaka jana, nami nitaibeba pakiti yake kliniki bila kumkatisha mwenyewe. Nitamrekodi pia kwa simu akifunga vifungo, kabla ya dawa na saa moja baadaye. Je, daktari atahitaji na video ya mwendo wake, au mikono inatosha?

Tabibu wa Neva:
Leta na ya mwendo, hasa anapogeuka.