Mrejesho: AC ya Porsche yangu sasa inatoa baridi

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini AC ya Porsche 911 yangu ya 2016 inapuliza hewa vuguvugu kila ninapokwama kwenye foleni ya daraja la Nyali, Mombasa. Mmoja wenu alisema, "Vua bampa kwanza, usikimbilie kuongeza gesi." Mungu akubariki, kaka.

Injini ya gari hili iko nyuma, lakini rejeta ziko mbele, kulia na kushoto ndani ya bampa, na kondensa za AC, yaani vipozeo vya gesi yake, zimekaa mbele ya rejeta hizo. Humo tulikuta majani ya mwarobaini na mchanga vimeshonana kama mkeka. Unyevu wa chumvi ukakaa pale mpaka kondensa moja ikatoboka. Tumebadilisha hiyo, nyingine tukaisafisha.

Kosa jingine lilikuwa langu: nilikuwa naliosha kwa maji ya kisima, nayo kwetu yana chumvi! Sasa natumia maji matamu, na bampa nitaivua kila mwaka. Betri nayo naiwekea chaja ninaposafiri na kuliacha gari nyumbani.

Jumapili alfajiri nilipita barabara ya Dongo Kundu kwenda Diani, pwani ya kusini, sikuhitaji feri ya Likoni wala kuhofia bampa kukwaruza wakati wa kuipanda. Vioo nimeshusha, silinda sita zinanguruma nyuma yangu, mikoko huku na huku. Mke wangu, ambaye hulalamikia gharama za gari hili, aliniomba tuzunguke tena.

Matuta bado nayapanda kwa mshazari, polepole.