Naomba ushauri: tovuti mpya ya chama inawafungia nje wanachama wenye simu na kompyuta za zamani

Daftari_la_Akiba (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia tovuti ya chama cha akiba na mikopo katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Wanachama wetu wengi ni walimu, baadhi yao wamestaafu, na waliobaki ni wakulima wa chai na viazi. Kupitia tovuti hiyo mwanachama huangalia salio la akiba, huona deni lililobaki, na huwasilisha fomu ya kuomba mkopo bila kupanda basi hadi ofisini.

Mwezi uliopita tulizindua tovuti mpya. Siku ya tatu alifika mwalimu mstaafu, mama wa rika la mama yangu mzazi, akiwa na simu aliyoizungushia mpira wa kufungia noti kwa sababu mfuniko wa nyuma haushiki tena. Akaniambia, "Mwanangu, tangu mlete hii mpya, mimi hela yangu siioni." Nilipofungua tovuti kwenye simu yake, lilitokea onyo kwamba muunganisho si salama. Nilivuka onyo hilo, na ukurasa ukabaki mweupe bila hata neno moja. Simu ni ya Android 5, na kivinjari chake hakijasasishwa kwa miaka mingi kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi imejaa picha za wajukuu. Tangu siku hiyo wamekuja wengine wenye tatizo lilelile.

Ofisini pia hali si nzuri. Tuna kompyuta mbili za Windows 7, moja ya Windows 10, na moja ya Windows XP inayoendesha printa ya vitabu vya akiba, ambayo programu yake haikubali mfumo endeshi mwingine wowote.

Kampuni iliyotutengenezea tovuti imejibu kwamba wanachama wanunue simu mpya. Jibu hilo limeniuma, kwa sababu fedha ni za wanachama hao hao. Bodi inakutana wiki ijayo, nami nataka kwenda na hoja iliyokamilika. Je, tuendelee kuhudumia vifaa vya zamani hadi wapi? Na je, ni sawa nikishusha ulinzi wa seva ili ukubali TLS 1.0 (toleo la zamani la utaratibu wa kusimba mawasiliano kati ya kifaa na tovuti), kama fundi mmoja alivyonishauri?

Funguo_na_Kufuli

Mleta mada, nianze na swali lako la mwisho: usishushe ulinzi wa seva. Vivinjari vikubwa viliachana na TLS 1.0 na 1.1 mwaka 2020, na kwa tovuti inayobeba fedha za watu ni hatari kurudi huko. Isitoshe, kwa simu hiyo haisaidii kitu, kwani Android 5 inatumia TLS 1.2 bila kuwezeshwa na mtu. Fundi wako amelitazama tatizo mahali ambapo halipo.

Onyo uliloliona nadhani linatokana na cheti, yaani hati ya kidijitali inayoithibitishia simu kwamba tovuti ni yenu kweli. Je, mnatumia cheti cha bure cha Let's Encrypt? Kama ndivyo, sababu ni hii: kila simu hutoka kiwandani na orodha ya mamlaka za vyeti inazoziamini, na katika simu nyingi za zamani orodha hiyo haibadiliki mpaka mfumo endeshi wenyewe usasishwe. Cheti mzizi cha Let's Encrypt, yaani kile cha msingi kinachodhamini vyeti vyake vingine, hakimo katika Android zilizotangulia toleo la 7.1.1. Kwa miaka kadhaa simu hizo ziliendelea kufanya kazi kwa sababu cheti hicho kilikuwa kimedhaminiwa na mamlaka nyingine ya zamani, lakini udhamini huo ulifika kikomo tarehe 30 Septemba 2024. Dawa ni kutafuta cheti kutoka mamlaka ambayo mzizi wake umo ndani ya simu hizo, kisha kukijaribu kwenye simu yenyewe kabla ya kulipia kwa mwaka mzima. Kagua pia tarehe ya simu, maana betri iliyochoka huirudisha saa nyuma, na cheti kizima kikaonekana batili.

Jambo moja nakuomba sana: usimfundishe mwanachama yeyote kuvuka onyo lile. Leo anavuka kwenye tovuti yenu, kesho atavuka kwenye tovuti ya tapeli aliyenakili nembo yenu.

Msimbo_Mwepesi

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu cheti, ila ukurasa mweupe ni ugonjwa mwingine kabisa, na ukitibu mmoja tu utaendelea kulalamikiwa.

Tovuti za siku hizi mara nyingi hazileti ukurasa uliokamilika. Huleta ukurasa mtupu pamoja na faili la JavaScript, na faili hilo ndilo linalochora kila kitu ndani ya simu. Waandishi wa msimbo hutumia maandishi mapya, kwa mfano alama ya kuuliza inayofuatwa na nukta, ambayo Chrome ilianza kuielewa katika toleo la 80 la mwaka 2020. Kivinjari cha zamani kikikutana na alama hiyo hakiruki mstari mmoja na kuendelea, bali hulikataa faili lote. Ndiyo maana yule mama hakuona hata kichwa cha habari.

Waambie waliotengeneza tovuti waupitishe msimbo wao kwenye Babel (programu inayogeuza msimbo mpya uwe wa mtindo wa zamani) na kutaja wazi matoleo ya zamani wanayoyalenga, kisha waongeze vipande vya kufidia kazi ambazo vivinjari hivyo havina, kama vile fetch, inayochota taarifa kutoka kwenye seva. Lakini kwa maoni yangu hilo ni tiba ya muda, kwani faili huongezeka uzito, na mwanachama mwenye bando la siku ndiye anayelipia uzito huo. Jiulize kurasa zenu zinafanya nini hasa. Salio ni jedwali, na ombi la mkopo ni fomu. Seva inaweza kuandaa jedwali hilo na kulituma likiwa HTML kamili (lugha ya msingi ya kurasa za wavuti), na fomu ya kawaida ya HTML hufanya kazi bila JavaScript hata kwenye kivinjari cha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mapambo na grafu ziwekwe juu yake kwa wenye simu zinazoziweza, na zikishindwa, salio libaki linasomeka.

Mkaguzi_wa_Ndani

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu, kwa sababu mjadala umeelemea kwenye simu. Simu za wanachama si mali ya chama, kwa hiyo ni haki kuzivumilia kadiri usalama unavyoruhusu. Kompyuta za ofisini ni mali yenu, na huko sioni sababu ya uvumilivu.

Windows XP iliacha kupokea marekebisho ya usalama mwezi Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109. Mfanyakazi anayefungua akaunti za wanachama wote kwa kivinjari kilichoachwa namna hiyo anahatarisha zaidi kuliko bibi anayeangalia salio lake peke yake. Kumbukeni programu hasidi ya WannaCry ya Mei 2017, iliyovuruga hospitali nyingi za Uingereza: ilihama yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani, bila mtu kubofya chochote.

Kompyuta ya XP iondolewe kwenye mtandao leo, si baada ya kikao. Chomoeni waya, ibaki kuchapa vitabu tu, na taarifa zipelekwe kwa flashi moja isiyotumika kwa kazi nyingine na inayokaguliwa kila mara. Zile za Windows 7, kama zina RAM ya GB 4, ziwekeeni Linux Mint yenye Xfce (mfumo endeshi wa bure wenye mwonekano mwepesi), kwa kuwa kazi yake ni kufungua kivinjari.

Daftari_la_Akiba (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimethibitisha kwamba cheti ni cha Let's Encrypt, na waya wa XP nimeuchomoa asubuhi ya leo. Kisha nimepitia kumbukumbu za seva, nikakuta jambo ambalo sikulitarajia: wengi wa wenye matatizo hawatumii Chrome bali kivinjari cha Opera Mini, ili kuokoa bando. Je, hao nao HTML ya kawaida itawatosha?

Msimbo_Mwepesi

Itawatosha, tena hao ndio watakaonufaika zaidi. Opera Mini ikiwa katika hali ya kubana sana, seva za Opera ndizo zinazofungua ukurasa wenu, zinaendesha JavaScript kwa muda mfupi, kisha zinatuma kwenye simu nakala iliyobanwa ya matokeo. Ukurasa unaosubiri msimbo uchote salio baadaye hukatwa kabla ya kumaliza.

Funguo_na_Kufuli

Niongeze tahadhari hapo. Katika hali hiyo seva ya kati inauona ukurasa ukiwa wazi, pamoja na neno la siri. Kuangalia salio kunaweza kuvumilika, lakini kubadili namba ya kupokelea mkopo kusikubaliwe bila msimbo wa uthibitisho unaotumwa kwa SMS, au kufanyike dirishani kwa kitambulisho. Wenye vitochi nao wangefaa kuwekewa njia ya kuuliza salio kwa SMS.

Daftari_la_Akiba (mleta mada)

Nimeelewa. Bodini nitapeleka maombi matatu: cheti kipya, kurasa za salio na mkopo ziandikwe upya kwa HTML inayoandaliwa na seva, na fedha za kubadilisha printa ya vitabu ili XP istaafu. Mabadiliko ya namba ya mkopo nimeshayafunga kwenye tovuti hadi uthibitisho wa SMS uwe tayari. Simu ya yule mama nimeiomba kwa siku mbili ili kila hatua ijaribiwe juu yake, naye amekubali kwa sharti kwamba picha za wajukuu zisiguswe.