Naomba ushauri: MS imerudi kwa ukali baada ya dawa kuleta maambukizi ya ubongo

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Dada yangu ana MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utando wa mishipa ya fahamu. Alipokuwa Ujerumani alitibiwa kwa natalizumabu, dawa inayozuia chembe za kinga zisiingie kwenye ubongo. Ilimsaidia kweli, mpaka virusi vya JC vikapata mwanya wa kushambulia ubongo, hali ambayo wataalamu wanaiita PML. Dawa ikasitishwa, akasafishwa plazima (maji ya damu) ili dawa itoke mwilini haraka. Alinusurika, ingawa mkono wa kushoto na usemi havijakaa sawa.

Sasa tuko naye Tabata na MS imeamka upya. Miguu haimbebi, jicho moja linaona ukungu. Dripu za steroidi zilileta nafuu, ikapotea. MRI inaonyesha madoa mapya ya MS. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, virusi havikuonekana.

Daktari mmoja anataka rituximabu, dawa nyingine ya kushusha kinga, kwa kuwa ugonjwa ni mkali. Mwingine anaogopa kushusha kinga tena, anapendekeza sindano za interferoni beta au glatirameri, ambazo haziishushi kinga sana ila nguvu yake ni ndogo. Wote wana hoja, ndipo nilipokwama. (Mitishamba tuiache jamani, mama ameshaletewa ya kutosha.)

Je, kuna daktari au mgonjwa humu aliyepitia uamuzi huu baada ya PML? Mlichagua nini? Na interferoni inapatikana bila kukatika hapa Dar? Inataka friji, na umeme wa kwetu mnaujua.