Naomba ushauri: vifaranga na kuku wakubwa banda moja

Wafugaji wenzangu, hamjambo? Niko Kisauni, nina mitetea wa kienyeji na jogoo mmoja, banda dogo nyuma ya nyumba. Sasa kuna vifaranga wa kununua, hawana mama, wanaingia wiki ya sita na manyoya yameshawajaa. Chanjo za Gumboro na kideri washapata. Nimewatenga kwa waya humo humo bandani ili wazoeane na wakubwa kwa macho.

Jogoo hana neno. Shida ni mtetea mmoja mwekundu: kutwa yuko wayani, shingo kaitutumua, kifaranga akisogea tu anamdonoa kichwa kupitia tundu. Nimtoe huyo mkorofi kwanza, akirudi awe yeye ndiye mgeni? Au ningoje wafike wiki ya kumi? Na joto hili la Mombasa, kuwabana kona moja muda wote huo nawaonea huruma. Jirani anasema niwaingize usiku wamelala, lakini kukicha si vita?

Halafu chakula. Cha kutagia kina kalsiamu nyingi, huharibu figo za wadogo. Nafikiria wote wale cha kukuzia, mitetea niwawekee maganda ya chaza yaliyopondwa kando. Kuna aliyefanya hivyo, mayai yakabaki na ganda gumu?