Ule mama Hazel Dickens mwenye kuimba batu ba mashimo, alikuwa nani?

gita_ya_katuba

Jambo bote. Juzi umeme ilirudi usiku kati, nikaamuka kuchaji telefone na usingizi ikaisha, njo nikaangukia ku filme moja ya zamani ya Marekani juu ya greve (mugomo) ya batu ba makaa. Mu ile filme kuko sauti ya mwanamuke inapita mu pua, inakwaruza kama mutu anasugua sufuria na muchanga, nilirudisha mara ine, ala zingine sikuzisikia tena. Jina ni Hazel Dickens. Banasema muziki yake inaitwa blugrasi, muziki ya gita na banjo ya batu ba milima ya Marekani. Mi najuaka kantri ya kaseti ya papa, Jim Reeves na benzake, lakini hii si ile.

Naomba mutu mwenye kujua aniambie: alikuwa nani, alikula kupitia muziki ao alikuwa na kazi ingine, na alishakashuka mu shimo yeye mwenyewe? Nauliza juu napigaka gita na niko na nyimbo tatu juu ya kambo (babu) yangu, alifanya miaka 31 ku izini (kiwanda), sasa anakohoa. Benzangu bananiambia nani atalipa kusikiliza kikohozi, imba mapenzi.

mwalimu_kampemba

Ndugu, kwanza makaa ile si makala ya braziye, ni makaa ya mawe, kama ile ya Luena kwetu.

Hazel alizaliwa 1925 mu West Virginia, ku milima ya Appalachia, mutoto wa nane kati ya 11. Baba yake alikuwa muhubiri wa Babatisti ba kizamani, alikuwaka anapiga banjo, na kazi yake ilikuwa kubeba miti ya kutegemeza mashimo. Mu ile kanisa yao banaimbaka bila chombo hata kimoja. Ile sauti ilikukata usingizi inatoka pale, si ku shule ya muziki.

Kazi: aliacha kwao kijana kabisa, akaenda Baltimore kutafuta maisha, akaingia ku ma izini. Na hapo kuko kisa napendaka sana. Kaka yake mumoja alilazwa na kifua kikuu, na mu ile lopitali kulikuwa kijana Mike Seeger mwenye kutumika pale, naye mutu wa banjo. Kupitia mugonjwa bakajuana, bakaanza kupiga mu manyumba ya batu wikendi. Nyuma akakutana na Alice Gerrard, bakatoa sahani yao ya kwanza 1965. Unaona umri? Alikuwa na miaka 40. Kwa hiyo jibu ya swali yako ya pili: miaka mingi mushahara ilitoka ku izini na ku maduka, muziki ilikuwa ya jioni.

Kushuka mu shimo, hapana. Lakini bandugu yake balishuka. Mumoja, Thurman, alikufa na mapafu ya vumbi, ule ugonjwa batu ba kule banaita mapafu nyeusi, alikufa mikono mitupu kisha kutumikia ba patrona maisha yote, na Hazel akamutungia wimbo. Ile filme uliona, kama ni Harlan County, USA, ilitoka 1976, ni ya Barbara Kopple, greve ni ya Kentucky 1973 na 1974, na ilipata Oska. Hazel iko na nyimbo kadhaa mule.

mushi_wa_nyawera

Salamu toka Bukavu. Mwalimu umeeleza muzuri lakini mi niko na mashaka kidogo, musinikasirikie. Mutu anakimbia mashimo akiwa kijana, anakaa Baltimore, kisha anajenga jina na kuimba mashimo. Huku kwetu pia tuko na bale baimbaji ba muji, kila mwaka wimbo moja juu ya bachimbaji ba Kamituga, na Kamituga hawajafika hata siku moja, viatu vyao vinang'aa. Tofauti iko wapi?

Na ile blugrasi si muziki ya bazungu ba kilimani? Siiponde, nauliza tu.

mama_kamalondo

Tofauti iko ku kitanda ya mugonjwa, mwana Bukavu. Mutu mwenye aliona kaka yake anatafuta pumzi, utamuambia alete sertifika ya kushuka shimo? Mimi sikushuka hata siku moja, lakini nilifua ba kombinezo ya bwana yangu miaka yote, maji ya kwanza inatoka nyekundu, ya pili nyekundu, ya tatu unachoka unaanika hivyo hivyo. Ile vumbi nami niliivuta.

Tena munasahau jambo moja. Blugrasi wakati ule ilikuwa kazi ya banaume, mwanamuke alikuwaka mule juu bwana ao kaka njo mukubwa wa kundi. Hazel na Alice babili banasimama mbele, banaongoza benyewe, banaimba sauti ya juu kabisa bila kujilembesha. Na Hazel aliimba juu ya banamuke pia, vile banaume banabaharibu kisha banabasema vibaya mu bari. Mi kizungu yangu ni kidogo, mutoto wangu wa Kitwe njo alinitafsiria, nikacheka peke yangu ku jikoni.

papa_wa_likasi

Bana bangu, niruhusuni mzee kidogo.

Mushi, banjo ilivuka bahari na Baafrika bale baliuzwa, babu yake iko ku magharibi ya Afrika. Blugrasi yenyewe ilipata jina ku kundi ya Bill Monroe wa Kentucky, alianza kusikika ku radio kubwa ya Nashville 1939, na nyuma ya vita akaingia Earl Scruggs na banjo ya vidole vitatu. Kwa hiyo ya bazungu tu, hapana.

Sasa wewe wa Katuba, sikia hii. Kentucky kulikuwa Merle Travis, baba yake mutu wa makaa, alipiga gita na vidole viwili: gumba na kile cha kusonta. Huku kwetu Jean-Bosco Mwenda, mutu wa Bunkeya, Hugh Tracey, ule muzungu mwenye kurekodi miziki ya Afrika, alimurekodi hapa Likasi 1952, wakati ingali Jadotville, naye gumba na cha kusonta! Huku kupro (shaba), kule makaa. Sisemi mumoja aliiba kwa mwingine. Nasema tu nikisikia batu ba kule mukono wangu inaanza kutembea yenyewe. Bosco alifika paka ku festivali ya muziki ya Newport, Marekani, 1969, mbele ya aksida ya motokari kumuua Zambia 1990.

Nyimbo zako tatu, gumba inafanya nini? Kama unakwangula waya zote sita, kikohozi ya kambo haitasikika. Achia gumba waya nene za sauti ya chini, itembee pole kama mutu anaenda ku kazi ya asubuyi, na kidole kingine kiongee peke yake juu.

mwalimu_kampemba

Naongeza kidogo juu ya "nani atalipa". Mwezi wa 11 mwaka 1968 shimo moja ililipuka Farmington, West Virginia, batu 78 bakafa. 1969 batu ba makaa bakaweka greve juu ya mapafu, na ule mwaka sheria ikatoka, bagonjwa ba vumbi bapewe kitu. Si wimbo njo ilileta sheria, tusidanganyane. Lakini Hazel alienda mu ma greve na mu mikutano kuimba, pale hakuna mutu anakata tiketi. Serikali ya Marekani ilimupa heshima ya juu ya basanaa ba asili 2001, miaka yake 76. Akafa mwezi wa 4, 2011.

mushi_wa_nyawera

Mama Kamalondo, ile ya maji nyekundu imenifunga kinywa. Nimekubali.

gita_ya_katuba

Asanti sana bazee. Papa, ni kweli, nilikuwa nakwangula zote sita, na kwa nguvu.

Leo asubuyi nimemusikilizisha kambo ile wimbo ya Hazel juu ya kaka yake ku telefone yangu. Kizungu ya Marekani hasikii hata neno moja. Akauliza: huyu mama ni Mubemba? Nikamuambia hapana kambo, ni wa Marekani, kaka yake alikufa na vumbi. Akanyamaza, akakohoa yake, akanyoosha mukono akachukua telefone akaiweka ku sikio kama mutu amepigiwa. Kisha akasema rudisha.

Betri iko 9, umeme imeenda tena. Nikirekodi ile ya gumba nitaweka hapa.