Masaa 4 ya Nürburgring na Alpine A110, umeme wa Katuba, na mzee anayetaka nitie mchanga

Fundi_Redio (Lubumbashi)

Wandugu, habari za usiku. Nina swali moja ambalo kwa kweli ni mawili.

Bado nacheza Gran Turismo 4. Ndiyo, ile ya PlayStation 2, msinikumbushe ni ya mwaka gani. Mchana natengeneza redio na simu hapa Katuba. Usiku wateja wakiisha nafunga mlango wa kibanda na kuwasha televisheni ya inchi 19 ambayo mwenyewe aliileta itengenezwe mwaka juzi na hajarudi mpaka leo.

Katika mbio ndefu limebaki shindano moja linalonikosesha usingizi: masaa 4 pale Nürburgring, ile njia ya zamani ya Nordschleife, kilomita 20.8 mzunguko mmoja. Na nimeapa kulishinda kwa gari moja tu, Alpine A110 1600S.

Kwa nini hiyo? Kwa sababu ya baba yangu. Wakati wa Zaire aliendesha Renault 8 ya Mgiriki mmoja mwenye duka mjini. A110 ilijengwa juu ya vyombo vya R8 ileile, injini iko nyuma kabisa, mwili wake ni wa faiba, kilo kama 700 tu. Mzee akiiona kwenye kioo cha televisheni anasema hiyo ni R8 iliyovaa kwenda harusini. Mwaka 1973 ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika Rally ya Monte Carlo, na hilo halichoki kusimuliwa nyumbani kwetu, hata kwa wageni waliokuja kwa mambo ya msiba.

Lakini kwenye gemu ni mnyonge. Injini ni ya cc 1600, nimeifungia tabo (turbo) ya kuongeza nguvu, bado wapinzani wangu watano wananipita kwenye mnyoofu wa Döttinger Höhe kama vile nimeegesha. Wa kwanza wao ni Nissan Skyline moja ya buluu ambayo sasa naiota. Na ninaitaka vita hiyo, maana gemu inagawa pointi za A-Spec, yaani za anayeendesha kwa mkono wake, kwa kadiri gari lako lilivyo dhaifu mbele ya wengine, mpaka 200 kwa mbio moja. Usiposhika namba moja, hupati hata pointi moja.

Sasa shida. Ya kwanza ni tairi za nyuma. Natumia R3, tairi za mbio za ugumu wa kati, zote nne. Mizunguko miwili gari ni asali. Wa tatu linaanza kulalamika. Wa nne, pale njia inaposhuka Fuchsröhre kama mtu ameangusha kamba kisimani halafu inapanda ghafla kwenda Adenauer Forst, naachia mafuta kidogo tu, kidogo sana, na mkia unakuja kunisalimia dirishani. Naingia piti kubadili tairi kila baada ya mizunguko minne, sawasawa na Skyline. Kwa hiyo wepesi wangu haunisaidii chochote.

Shida ya pili mnaijua wote. Katikati ya mbio ndefu huwezi kuhifadhi. Mara ya mwisho nilikuwa wa pili, masaa matatu na dakika kumi yamepita, vidole vimekufa ganzi. Umeme ukakatika mtaa mzima. Nilikaa gizani na maneti, kile kidude cha kuchezea, mkononi kama mtu aliyeshika mkono wa maiti.

Mzee alikuwa amekaa nyuma yangu. Hakunipa pole. Alisema: "Ile gari inatembeaka na matako. Sisi tulikuwa tunatia mufuko ya muchanga kule mbele." Kisha akaenda kulala. Nimecheka, lakini nawauliza: mnatumia tairi gani kwa gari lenye injini nyuma, na mnafanyaje na umeme?

Katanga_Turbo (Likasi)

Yaya, kaka yangu, kwa heshima zote, unajitesa bure. Mpe dereva wa B-Spec, yule anayeendeshwa na gemu yenyewe, wewe unamwamuru tu kasi na wakati wa kuingia piti. Muda unausukuma mara tatu, masaa 4 yanakuwa dakika 80. Umeme wa dakika 80 hata Likasi tunao. Na chukua gari la kweli. Alpine ni ya kuangalia kwenye picha.

Fundi_Redio

Mdogo wangu, nikimpa B-Spec pointi za A-Spec nitazipata wapi? Halafu yule dereva anaendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Na usiseme picha mbele ya mzee wangu.

Nyota_Ibanda (Bukavu)

Kaka Fundi, mimi nina kibanda cha kuchaji simu hapa Ibanda, mambo ya kukatika ndiyo kazi yangu. Tairi sijui, lakini umeme nisikilize.

PlayStation yako ni ile nene au ile nyembamba? Kama ni nyembamba, yenye adapta ya nje ya volti 8.5, haizidi wati 50. Televisheni ya inchi 19 bapa hesabu 30 au 40. Ongeza kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, weka jumla wati 95 au 100. Hiyo ni ampea 8 hivi kutoka betri ya volti 12. Betri ya gari ya ampea-saa 70 usiinywe yote, ukishuka chini ya nusu unaiua. Nusu ni 35. Gawa kwa 8, unapata masaa manne na kidogo. Ni mbio zako hizo, lakini hakuna akiba.

Sasa kosa ambalo watu wengi hufanya. Wanachezea umeme wa ukutani, ukikatika ndipo wanakimbilia betri. Umeshachelewa, mashine imezima. Wewe tangu mwanzo kula kutoka betri tu, kupitia inveta, na chaja iwe inaendelea kuijaza betri wakati umeme upo. Ukikatika, chaja ndiyo inayozima, wewe hujui lolote. Tia fyuzi karibu na ncha ya chanya. Na usiweke betri chini ya kitanda wala kwenye kibanda kilichofungwa, ikichajiwa inatoa gesi inayowaka. Fungua dirisha hata kama kuna mbu.

Zima feni. Feni inakula kuliko PlayStation yako, kutegemea ni ya aina gani. Jasho halijamuua mtu.

Fundi_Redio

Dada Nyota, asante sana. Ni nyembamba. Mimi fundi nilikuwa nimeshawaza kuchonga kifaa cha kushusha 12 kuwa 8.5 nikwepe inveta, halafu nikakumbuka nina PlayStation moja tu duniani. Nitafuata yako.

Likoni_Drift (Mombasa)

Ndugu yangu, mimi nimecheka peke yangu kwenye feri hadi watu wakageuka. Mzee wako yuko sawa! Ingia kwenye mipangilio ya gari, chini kabisa baada ya springi na gia, kuna mahali pa uzito wa ziada na mahali pa kuuweka, mbele au nyuma. Watu wengi hawaufungui ukurasa huo maana nani anataka gari zito? Lakini A110 pua yake ni nyepesi mno. Ukifika kona, tairi za mbele zinaelea, unakata usukani zaidi, halafu ghafla zinashika na nyuma inaachia. Weka kilo 30 au 40, zisogeze mbele kabisa. Huo ndio mfuko wa mchanga wa R8, wenyewe wameutia kwenye gemu bila kujua wanamtengenezea baba yako.

Tairi: R3 kwa masaa manne ni ubadhirifu. Weka R2 nne, ni ngumu zaidi. Utapoteza sekunde kadhaa kwa mzunguko, lakini utaenda mizunguko sita. Mzunguko wako ni dakika ngapi? Kama ni 8 hivi, mbio nzima ni kama mizunguko 30. Kuingia piti kila baada ya minne ni mara saba. Kila baada ya sita ni mara nne. Safari tatu za piti umezila bure, na Nordschleife kuingia na kutoka piti si mchezo.

La mwisho litakuuma. Toa tabo hiyo kubwa, rudisha ndogo. Najua, Döttinger Höhe watakupita. Waache. Tairi za nyuma haziuawi na kona, zinauawa na wewe unapokanyaga mafuta kutoka kwenye kona na nguvu yote inakuja kwa mkupuo. Stabilaiza ya mbele, ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, ikaze, ya nyuma ilegeze. Breki zote zikamilike gari likiwa limenyooka. Na usiachie mafuta ghafla katikati ya kona. Injini ya nyuma ni kama mtu aliyelala kwenye boda, ukisimama ghafla yeye anaendelea na safari.

Katanga_Turbo

Mchanga kwenye gari la mbio. Nimeona yote.

Fundi_Redio

Nimejaribu jana mizunguko mitatu tu, kuonja. Kilo 40 mbele, R2, tabo ndogo. Nilikuwa napiga 7:48 nikiwa na bahati, sasa napiga 7:56, lakini zote tatu ni 7:56. Mkia umetulia. Pale Karussell, kwenye ile zege iliyoinama, zamani nilikuwa naingia nikiwa nimefunga jicho moja, sasa naingia na kutoka kama daladala inayojua kituo chake.

Nilimwonyesha mzee ukurasa wa uzito wa ziada. Alivaa miwani, akausoma polepole, akauliza: "Kilo ngapi?" Nikamwambia 40. Akasema mfuko wao ulikuwa 50, lakini barabara yao ilikuwa mbovu.

Jumamosi nafanya. Betri nimeipata, ni ya shemeji. Kwa sasa tuseme ameniazima.

Nyota_Ibanda

Amekuazima au umejiazima mwenyewe? Hayo ni mambo mawili. Ina miaka mingapi?

Fundi_Redio

Dada, maswali ya betri yalikuwa Jumanne.

Fundi_Redio

Haya, ni Jumapili asubuhi, nawapa habari.

Nilianza saa mbili usiku. Mzee kwenye kiti chake, dirisha wazi, mbu wote wa Katuba ndani. Mizunguko minne ya kwanza nilikuwa wa nne na nikakubali kuwa wa nne. Wakaanza kuingia piti mmoja mmoja, mimi napita tu. Mzunguko wa sita nikashika namba moja, nikaiacha piti, nikairudia. Ikawa hivyo, kama ndoo inayoshuka na kupanda.

Umeme ulikatika masaa mawili na dakika ishirini baada ya kuanza. Naapa sikujua. Nilichogundua ni kwamba muziki wa baa ya jirani umenyamaza na mtu huko nje amepiga kelele. Kwenye kioo gari linaendelea. Dada Nyota, pale nilikutaja kwa jina.

Mzee yeye jambo lililomsumbua lilikuwa lingine. Niligonga ukuta Bergwerk, kidogo, kosa langu, nikaendelea. Akasema: "Haina hata mukwaruzo?" Nikamweleza kuwa gemu hii magari hayaharibiki. Alikaa kimya mzunguko mzima. Kisha akasema basi huo si mchezo wa magari, ni wa sabuni. Lakini hakuondoka.

Zikabaki dakika 25. Nilikuwa wa kwanza kwa sekunde 31, na Skyline ya buluu ilikuwa imeshaingia piti yake ya mwisho. Mimi yangu ya mwisho ilikuwa bado. Hapo inveta ikaanza kulia. Tiii. Kimya. Tiii. Betri ya shemeji, miaka mitano, sasa nasema. Mzee akainuka, akapunguza mwanga wa televisheni mpaka nikawa naona taa za nyuma za magari tu na mstari mweupe wa barabara, akazima balbu ndogo, akaketi tena gizani.

Sasa hesabu. Nikiingia piti, najua nitatoka wa pili, na tairi mpya naweza kumfukuza. Nisipoingia, tairi zina mizunguko sita tayari na zinatakiwa kwenda tisa au kumi. Na mbio za masaa haziishi mpaka uvuke mstari baada ya muda kwisha, kwa hiyo kila sekunde niliyopoteza piti niliona ni sekunde ya betri. Sikuingia. Likoni, usinipigie kelele.

Mzunguko wa nane ulikuwa 8:09. Wa tisa 8:21, nilikuwa natembea juu ya maji. Alinipita Döttinger Höhe kwenye mzunguko wa mwisho, mahali palepale ulipoandika niwaache wanipite. Sekunde 9. Wa pili. Pointi sifuri.

Inveta ilizima mimi nikiwa bado kwenye ukurasa wa matokeo. Hata kuhifadhi sikuhifadhi.

Likoni_Drift

Sipigi kelele. Lakini ungeingia piti, ukabadili tairi na kutia mafuta ya kumalizia, ungepoteza sekunde chache kuliko ulizopoteza mizunguko ile miwili. 8:21 bwana! Umemzawadia.

Katanga_Turbo

Sekunde 9 na Alpine? Masaa 4, kwa mkono? Yaya, nitumie mipangilio yote. Naomba na uzito wa mchanga.

Fundi_Redio

Kilo 40, mbele kabisa. Mzee anasema jaribu 50.

Jumamosi ijayo narudia, ila kwa betri nyingine. Shemeji alikuja asubuhi, gari likakataa kuwaka, akaniita nimsaidie kusukuma kwa sababu mimi ndiye fundi. Tumelisukuma mpaka barabara ya lami. Anafikiri ni alternata.